Barua ya Shingoni

“Paka! Paka kudungwa sindano kila siku kama—”

“Babu, punguza sauti, ataruka nijidunge—”

“—kama mgonjwa wa hospitali kuu! Mimi nimefuga paka kule Kianjai tangu baba yako hajazaliwa—”

“Huyu si wa Kianjai, Babu, huyu ni wa hapa Makutano—”

“—na hakuna hata mmoja aliyejua daktari ana sura gani!”

“Na si wote walikufa? Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia walikufa!”

Hapo Babu Muthamia akafunga mdomo. Ilikuwa kweli, paka wake wote walikufa. Alichukua kikombe chake cha maji, kile alichokuwa akitembea nacho kila mahali siku hizo, akanywa mpaka tone la mwisho, kisha akajifanya anaangalia kama mvua itanyesha.

Kathure akaitumia nafasi hiyo. Alibana ngozi ya paka katikati ya mabega kwa vidole viwili, ikasimama kama hema dogo. Akaingiza sindano nyembamba kama unywele, akasukuma dawa polepole, akachomoa. Paka mwenyewe hakuinua hata kichwa kutoka kwenye sahani yake ya omena, wale dagaa wa ziwani.

“Umeona?” Kathure alisema. “Mgonjwa amenyamaza. Anayelia ni mtu mwingine.”

“Wewe nawe una mdomo,” Babu alisema, lakini alikuwa anazuia kicheko.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyuma ya duka la nafaka la mama yake Kathure, pale Makutano, Meru. Matatu zilikuwa zimeanza kupiga honi stejini, na Mama alikuwa mbele akifungua magunia: mahindi, maharagwe, ndengu, njahi. Baba yake Kathure alifanya kazi ya kujenga barabara huko Marsabit na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Babu alikuwa amekuja kutoka Kianjai kukaa wiki moja tu. Sasa ilikuwa miezi mitatu.

Paka aliitwa Diwani. Jina hilo alipewa na fundi wa viatu wa pale barazani, kwa sababu kila asubuhi alizunguka mlango kwa mlango, akasalimu watu, akala cha kila mmoja, kisha akarudi nyumbani kulala. Lakini tusimwonee. Diwani alikuwa na kazi, na kazi yake ilikuwa panya. Kabla hajaja, panya wa Makutano walikuwa wanaingia katika duka la Mama kama wateja. Tangu aje, walikuwa wanapita mbali.

Basi ilikuwaje mpaka akafika kwenye sindano?

Ilianza na kiu. Diwani alikunywa maji ya bakuli lake, akanywa ya beseni, akanywa yaliyodondoka kutoka bombani, na siku moja akakutwa ameingiza kichwa kwenye ndoo ya kupigia deki. Alikula sana pia, lakini kila wiki mbavu zake zilionekana zaidi. Na maji yanayoingia lazima yatoke. Siku moja yakatokea kwenye gunia la njahi.

Huko Meru njahi, yale maharagwe meusi, si jambo la mchezo. Ndizo anazopikiwa mama aliyejifungua ili apate nguvu na maziwa. Asubuhi hiyo akaja mama mmoja kununua njahi za binti yake aliyetoka kujifungua. Akachota kiganja kimoja, akanusa.

“Mama Kathure,” aliuliza kwa upole, “hizi njahi zako mbona zimeshatiwa supu?”

Mama aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Gunia zima likamwagwa. Siku hiyohiyo akatangaza kwamba Diwani atapanda gari la miraa, apelekwe Kangeta kwa shangazi Marcella, akaishi shambani huko na tabia zake.

Ni Kathure aliyelia mpaka wakampeleka kwanza kwa Daktari Kivuti. Daktari huyu alikuwa mtu wa Embu, mrefu na mtaratibu, na wagonjwa wake wengi walikuwa ng'ombe. Alimtoboa Diwani kidogo kwenye ukingo wa sikio, akaweka tone la damu kwenye kijiti, akakisoma katika mashine yake ndogo, akapiga mluzi.

“Huyu ana kisukari,” alisema. “Anakunywa sana, anakojoa sana, anakula sana na bado anakonda. Si tabia mbaya, mama. Ni ugonjwa.”

“Na unapona?” Mama aliuliza.

“Unatunzwa. Anaweza kuishi miaka mingi. Atakula chakula chake kwanza, nyama au omena, halafu adungwe yuniti mbili za insulini, asubuhi na jioni, kwa saa ileile. Ugali hapana, chai hapana. Na kipimo kisibadilishwe bila mimi kusema. Hii dawa haitaki watu wa leo hivi, kesho vile.”

Mama alimtazama paka, akamtazama mtoto wake wa darasa la saba. “Nakupa wiki mbili,” alimwambia. “Utafanya kila kitu mwenyewe. Lakini gunia moja tu likilowa tena, Kangeta.”

Kathure alielewa maana yake. Shangazi Marcella alikuwa mtu wa kuanguka akiona sindano hata kwenye kalenda ya hospitali. Huko Kangeta hakuna ambaye angemdunga Diwani, na bila dawa Diwani angekufa.

Kwa hiyo alijipanga. Nyumbani hawakuwa na friji, na insulini inataka baridi isiyogandisha. Alienda kwa Mzee Bulle, mwenye hoteli ya chai milango miwili kutoka dukani. Mzee Bulle alimwonyesha rafu ya chini katika friji yake ya soda.

“Weka hapo, katikati ya soda za machungwa,” alisema. “Bidhaa ya mheshimiwa. Atakayeigusa atanieleza mimi.”

Bintiye Hinda, aliyekuwa akisoma darasa moja na Kathure, ndiye aliyekuwa akimpa ile chupa ya insulini asubuhi na jioni. Alijifunza kuibiringisha taratibu katikati ya viganja bila kuitikisa, kama Daktari alivyoagiza. Nyuma ya mlango, Kathure alibandika kadibodi yenye siku kumi na nne, na kila akimdunga Diwani aliandika namba 2.

Kilichobaki kilikuwa kuwazuia watu wa Makutano. Diwani akikulilia mlangoni kwa ile sauti yake nyembamba, hata moyo wa jiwe unatoa kitu. Basi Kathure aliandika barua kwenye kipande cha kadi, akaizungushia selotepu isilowe, akaitia kamba na kumvisha shingoni:

MIMI NI MGONJWA WA SUKARI. TAFADHALI USINIPE KITU, HATA NIKIKULILIA.

Soko zima lilicheka. Fundi wa viatu aliisoma kwa sauti kila Diwani alipopita, kama anayesoma tangazo kanisani. Lakini barua ilifanya kazi. Muuza samaki alificha vichwa vya samaki. Mzee Bulle alipiga marufuku vipande vya anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali, chini ya meza. Diwani alizunguka mlango kwa mlango na kurudi na njaa yake, uso umekunjamana kama mtu aliyeshindwa kura.

Nyumbani, Babu peke yake ndiye aliyeendelea kulalamika. Aliketi kwenye kiti chake cha mbao nyuma ya duka, kiatu kimoja kimekatwa mbele kwa sababu ya kidonda cha kidole kilichokataa kupona, na mara tatu kwa siku Mama alimletea chai. Chai ya mkaza mwana haikataliwi. Mzee akiikataa, majirani watauliza kumetokea nini katika nyumba ile. Mama alijua wajibu wake: kikombe kikubwa, maziwa mengi, sukari vijiko vinne.

“Baba, umekonda,” alikuwa akisema. “Wacha niongeze cha tano.”

“Asante, mama,” Babu alijibu, na kikombe kilirudi kitupu kila mara.

Siku zikaenda. Ya tatu, ya tano, ya nane. Namba 2 zilijipanga kwenye kadibodi kama askari. Jambo moja tu halikuenda. Diwani bado alikunywa maji kama lori la Isiolo.

“Wewe na Babu mtamaliza bomba la mji,” Kathure alimwambia.

Siku ya kumi, ambayo ilikuwa Alhamisi, Daktari Kivuti alipita kununua maharagwe, akampima. Akatikisa kichwa.

“Imeshuka kidogo sana. Bado iko juu. Anakula nini kingine?”

“Hakuna, Daktari.”

“Kuna kitu, Kathure. Na mahali penye kitu pana mtu. Mtafute.”

Kathure hakutafuta. Alikimbilia jibu la kwanza lililomjia kichwani. Nani ana maziwa? Nani ana chai na sukari kutoka asubuhi mpaka jioni? Akaingia hotelini kwa Mzee Bulle kama upepo, akamkuta Hinda anafuta meza.

“Ni nyinyi!” alisema, wateja wote wakisikia. “Ni nyinyi mnampa Diwani chai!”

“Sisi?” Hinda aliacha kitambaa. “Tangu umvishe barua hatujampa hata tone. Si dawa yake inakaa kwa friji yetu?”

“Dawa inakaa kwa friji yenu, na sumu inakaa kwa sufuria zenu!”

Hinda hakupiga kelele. Alikunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka mezani.

“Sawa,” alisema. “Kuanzia leo fungua friji mwenyewe, uchukue mwenyewe. Mimi siishiki tena.”

Kathure alirudi dukani akiwa na uhakika wake wote, na bila rafiki.

Kesho yake, Ijumaa alfajiri, Babu alisafiri kwenda Kianjai kwa mkutano wa wazee wa kanisa. Jioni Kathure alisimama mbele ya kadibodi. Siku tatu zimebaki. Kama Diwani hatapata nafuu, gunia litalowa, na likilowa ni Kangeta. Alihesabu kama wanavyohesabu wanafunzi wengi wenye akili nyingi na haraka nyingi: kama mbili hazitoshi, nne zitatosha.

Alivuta yuniti nne. Alimdunga. Kisha akachukua kalamu, na hapo mkono ukasita kidogo, kwa sababu Mama huangalia kadibodi. Akaandika 2.

Jumamosi asubuhi alikuta bakuli la maji halijapungua hata nusu. Moyo wake uliruka kwa furaha. Alikuwa amegundua dawa! Akamdunga yuniti nne tena, na tena akaandika 2.

Saa tatu Diwani alipanda juu ya gunia la ndengu, mahali pake pa kuotea jua. Kathure alikuwa anapimia mteja maharagwe kwa gorogoro, lile kopo kubwa la kupimia nafaka. Alisikia kitu kikianguka. Alipogeuka, Diwani alikuwa sakafuni. Alijaribu kusimama, miguu ya nyuma ikaenda upande wake. Alijaribu tena, akayumba, akalala ubavu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuona mtu, na mguu mmoja wa mbele ulikuwa unatetemeka.

“Mama! Mama, njoo!”

Mama alikuja, akaona, akatoa simu na kumpigia Daktari Kivuti. Aliweka sauti ya juu ili wote wasikie.

“Mpo naye?” Daktari aliuliza. “Anatetemeka? Amepewa dawa kiasi gani?”

Mama alisogea mpaka kwenye kadibodi. “Mbili, Daktari. Iko hapa. Jana jioni mbili, leo asubuhi mbili.”

“Mna uhakika? Kama ni mbili, basi naogopa amekula sumu ya panya. Matibabu yake ni mengine kabisa. Na kama sukari ndiyo imeshuka, nayo ina yake. Nikikosea hapa, paka anakufa. Ni mbili?”

Mama alifungua mdomo aseme ndiyo. Kathure alitazama ile namba 2 aliyoiandika kwa mkono wake, nzuri, imenyooka, na ya uongo. Kama akinyamaza, hakuna mtu duniani atakayejua. Diwani peke yake ndiye angejua, na Diwani alikuwa anakufa.

“Nne,” alisema.

“Nini?” Mama aligeuka.

“Nilimpa nne. Jana nne, na leo nne. Nikaandika mbili.” Sauti ilitoka nyembamba kama ya paka mwenyewe. “Nilidanganya, Mama.”

“Vizuri umesema,” Daktari alisema. “Sasa nisikilize. Sukari imeshuka mno. Tafuta asali, hiyo inashika. Mpake kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo. Usimmiminie kooni, atapaliwa. Naja.”

Asali! Nyumbani hapakuwa na asali, na hata sukari ilikuwa imeisha siku Babu alipoondoka, na Mama hakuwa na haraka ya kununua nyingine. Kathure alijua mahali ambapo hapakosi asali, kwa sababu kila asubuhi watu hula anjera kwa asali pale. Milango miwili tu. Milango miwili hiyo ilikuwa mirefu kuliko njia ya kwenda Kianjai.

Alikimbia. Hinda alikuwa mlangoni, akamwona anavyokuja, akakunja mikono.

“Hinda, nilikukosea,” Kathure alisema akihema. “Nilikutukana mbele ya watu na sikuwa na ushahidi. Diwani anakufa na ni mimi niliyekosea dawa. Nisaidie asali, halafu unichukie baadaye.”

Hinda alimwangalia kwa muda mfupi tu. Kisha akaingia ndani, akanyakua chupa kutoka meza ya wateja wawili waliokuwa bado wanaitumia, na akatoka mbio mbele ya Kathure.

Walipiga magoti wote wawili kando ya gunia. Kathure alishika kichwa, Hinda akainua mdomo wa Diwani upande mmoja, na Kathure akapaka asali kwenye ufizi wa waridi. Wakangoja. Akapaka tena. Mama aliwazuia wateja mlangoni kwa mkono mmoja. Mpaka dakika nane hapakuwa na kitu. Akapaka tena. Kisha ulimi mdogo ulitoka, ukazunguka, ukarudi ndani.

“Amelamba!” Hinda alipiga kelele. “Aki amelamba!”

Daktari Kivuti alipofika na pikipiki yake, Diwani alikuwa ameinua kichwa na anatazama omena. Daktari alimpima, akamtazama, akampima tena baada ya muda, kisha akaketi juu ya gunia la mahindi akipangusa jasho.

“Atapona. Leo halali peke yake, na jioni hadungwi. Kesho nitampima kabla hamjagusa sindano. Lakini kuna jambo silielewi. Yuniti nne ni kosa kubwa, ndiyo. Ila Alhamisi sukari ya paka huyu ilikuwa juu mno kwa kuporomoka hivi. Kuna kitu alikuwa anapewa kila siku, na tangu jana kimekatika. Nani alikuwa anampa?”

Kathure alimtazama Hinda, akainamisha kichwa. “Si Hinda,” alisema. “Nilimsingizia. Na kosa la dawa ni langu peke yangu, Daktari. Nilibadilisha kipimo na nikaandika uongo.”

Hawakuwa wamemwona Babu. Alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake wa safari, ametoka kushuka stejini, na alikuwa amesikia yote. Polepole akavua kofia.

“Kama mtoto mdogo ameweza kusema,” alisema, “mimi mzee nitanyamaza vipi? Ni mimi, Daktari. Ni chai yangu.”

“Chai gani, Baba?” Mama aliuliza.

“Ile unayoniletea. Vikombe vitatu kwa siku. Nilikuwa namimina kwenye kisahani chini ya kiti, anakunywa yeye. Na yeye hakuwa anaikataa.”

“Paka hata haonji utamu wa sukari,” Daktari alisema. “Anafuata maziwa tu. Sukari inamfuata yeye.”

Mama alikuwa amesimama kama aliyemwagiwa maji baridi. “Miezi mitatu! Chai yangu ina kasoro gani, Baba?”

“Haina kasoro yoyote, mama.” Babu alizungusha kofia mikononi. “Nilimhurumia tu.”

Lilikuwa jibu jepesi, na Mama hakuridhika nalo, lakini baba mkwe hahojiwi mbele ya wageni. Akamgeukia Kathure. Kathure alijiandaa kuchapwa au kuambiwa neno Kangeta. Mama alichukua gorogoro juu ya gunia, akaligeuza chini juu.

“Unaona hapa chini?” aliuliza. “Limenyooka. Unajua kuna wafanyabiashara wanaoligonga hapa kwa nyundo, liingie ndani?”

“Ndiyo, Mama.”

“Kwa nini wanaligonga?”

“Ili liingie nafaka kidogo, na mteja adhani limejaa.”

“Basi ile namba 2 yako ilikuwa gorogoro lililogongwa. Kwa nje limejaa, kwa ndani ni uongo. Kwa maharagwe, mtu atalala na njaa kidogo. Kwa dawa, mtu halali tu, anazikwa.” Alirudisha gorogoro mahali pake. “Lakini ulipoulizwa, ulisema. Ungenyamaza, sasa hivi tungekuwa tunachimba shimo. Kwa sababu hiyo nakupa wiki mbili mpya, na kadibodi mpya.”

Hinda alimgusa Kathure begani. “Nilitaka kukunyima ile asali,” alimnong'oneza. “Halafu nikakumbuka Diwani hajanitukana.”

Wiki hiyo Kathure hakuwa na akili nyingi wala haraka nyingi. Daktari aliporuhusu, alianza tena na yuniti mbili, si moja na nusu wala tatu. Siku moja alichelewa dakika ishirini kwa sababu ya michezo ya shule, akaandika kwenye kadibodi: 2, nimechelewa. Mama alisoma, akaenda kufunga magunia. Kisahani cha chini ya kiti kilitolewa, na Mama, aliyekuwa bado anaona ametukanwa kidogo, alimletea Babu chai yake na kusimama palepale mpaka kikombe kiishe. Babu alikunywa taratibu, kama anayekunywa dawa chungu. Kidonda chake cha kidole kilizidi kuwa chekundu, naye alikuwa analala mchana kutwa.

Lakini Diwani alichanua. Bakuli la maji lilitosha siku nzima. Mbavu zilianza kujificha. Ijumaa alikamata panya mkubwa na kumleta mbele ya wateja kama mtu anayezindua mradi.

Jumamosi Daktari Kivuti alikuja, akampima, akageuza mashine ili Kathure asome mwenyewe. Kathure alisoma namba, akarukaruka, na Hinda akaruka naye bila hata kujua namba yenyewe inasemaje.

“Huyu haendi Kangeta,” Mama alisema.

“Haendi popote,” Daktari alisema. “Sikiliza, Kathure, na wewe Hinda. Ugonjwa huu haumshindi mtu kwa sababu ni mkali. Unamshinda kwa sababu unafichwa. Aliyeficha kipimo, aliyeficha chai, wote walikuwa wanampenda huyu paka, na wote nusura wamuue. Mgonjwa anayesemwa wazi hutunzwa na mtaa mzima. Ndiyo maana ile barua yenu ya shingoni ni dawa kama hii ya chupa.”

Mama alifurahi sana, na mtu wa Meru akifurahi anapika chai. Alileta birika na vikombe. Cha Daktari, cha watoto, na kile kikubwa cha Babu, maziwa mengi, vijiko vitano vya sukari kwa sababu ya sherehe. Akamwekea Babu kwa mikono miwili.

“Karibu, Baba.”

Babu alitazama chai. Akatazama chini ya kiti, mahali palipokuwa na kisahani. Diwani alikuwa amelala juu ya gunia la ndengu, barua imetulia kifuani, hana habari na chai ya mtu. Kila mmoja alikuwa anakunywa na kucheka. Kikombe cha Babu kilikaa, kikakaa, mpaka utando wa maziwa ukaanza kujikunja juu yake.

“Baba, inapoa,” Mama alisema.

Babu alikisukuma kile kikombe polepole, kwa kidole kimoja, mpaka katikati ya meza. Watu wakaacha kucheka. Hakuna mtu pale aliyewahi kumwona akifanya hivyo.

“Kathure,” alisema, “bado una ile kadi na selotepu?”

“Ziko, Babu. Za nini?”

“Mwezi wa tatu, kabla sijaja hapa, walinipima hospitalini kule kwetu. Wakaniambia neno lilelile alilosema Daktari kuhusu paka. Nikaona aibu kulisema kwa mkaza mwana anayenipikia kwa moyo wake wote.” Alinyoosha shingo yake, akaonyesha kwa mkono mahali ambapo kamba ingepita. “Niandikie na mimi barua kama ya Diwani. Na uandike herufi kubwa, mama yako asome kabla hajafungua kopo la sukari.”